Nikosoe, Shangazi, Lakini Charizard Usimguse

Safu hii ilianza kwa ajili ya mawifi wenye midomo, wakwe wasiobisha hodi na wachumba wanaokopa nauli. Siku hizi mfuko wa barua umejaa watu wazima wanaogombania Pokémon. Nimezisoma zote, na ugomvi ni ule ule. Mtu anaweka timu yake ya Pokémon sita hadharani, anaandika "naomba maoni ya kweli", kisha akiyapata ananuna kama bibi harusi aliyeambiwa gauni limembana. Waliotoa maoni nao wananuna kwa kutoshukuriwa. Haya, tuwasikilize.

*Shikamoo Shangazi. Nimecheza na Charizard tangu nikiwa darasa la tatu. Juzi nilionyesha timu yangu, jamaa mmoja akaniandikia maneno mawili tu: "Toa Charizard." Hakuna salamu, hakuna sababu. Nimjibuje?*
Mwenye Moto, Morogoro

Marahaba mwanangu. Jamaa hana adabu, lakini hesabu anayo. Kosa lake ni kuificha.

Kuna mbinu iitwayo Stealth Rock, iliyoingia mwaka 2006 pamoja na gemu za Diamond na Pearl. Mpinzani akishaitega, kila Pokémon wako anayeingia uwanjani anachomwa na mawe, na ukubwa wa jeraha hutegemea aina yake. Asiyeogopa wala kuhimili Mwamba hupoteza sehemu moja ya nane ya uhai. Charizard ni wa Moto na ni wa Kuruka, na aina zote mbili zinauogopa Mwamba, kwa hiyo yeye hupoteza nusu. Nusu nzima, hata moto hajatema! Charizard wa kiwango cha 100, aliyezaliwa mkamilifu ila hukumwongezea pointi za uhai, ana uhai 297. Akiingia mara mbili bila kuguswa na mtu, anabaki na 1. Na hiyo 1 ipo kwa sababu tu 297 haigawanyiki kwa mbili na gemu haihesabu nusu pointi.

Sasa sikiliza tofauti. "Toa Charizard" ni amri. "Charizard wako anapoteza nusu ya uhai kila anapoingia, na kwenye timu yako sijaona wa kuyafagia mawe" ni maoni, tena yanakuachia njia tatu. Unaweza kumtoa. Unaweza kumtafutia mwenzake mwenye Rapid Spin au Defog, mbinu za kuyafagia. Au unaweza kumvika Heavy-Duty Boots, viatu vilivyokuja na Sword na Shield mwaka 2019, ambavyo humkinga mvaaji na mitego yote ya uwanjani. Viatu navyo vina bei yake, maana kila Pokémon hubeba kitu kimoja tu, na akivivaa hana nafasi ya kitu cha kumwongezea nguvu au kasi.

Kwa hiyo mjibu jamaa hivi: "Asante. Ni kwa sababu ya mawe? Nikimvika viatu unaonaje?" Akiwa anajua, mtaongea hadi usiku. Akiwa anaropoka, atapotea mwenyewe.

Nawe, hilo la darasa la tatu usililete kama hoja. Kumpenda Charizard ni sababu tosha ya kumchezesha, mimi sikukatazi, ila tangaza mapema: "Charizard habanduki, nisaidieni hawa watano." Watu watashughulika na hao watano, na wewe hutalazimika kumtetea mnyama ambaye hata hakuomba kutetewa.

*Shangazi, mimi ni mchezaji wa siku nyingi na najitolea kukagua timu za wageni. Kijana mmoja alileta timu ya mvua. Nikamwandikia ukurasa mzima, nikambadilishia watano kati ya sita, nikambakishia Pelipper wake. Hakusema hata asante. Vijana wa siku hizi wana nini?*
Mkaguzi, Mombasa

Wana timu zao, baba. Wewe umempa ya kwako.

Umeniambatanishia ile timu, nami nimeisoma polepole, jambo ambalo nashuku wewe hukulifanya. Mvua inaletwa na Pelipper, ambaye tangu Sun na Moon za mwaka 2016 ana kipaji cha Drizzle: akitia mguu tu, mvua inanyesha. Mvua hiyo hudumu zamu 5. Pelipper akibeba Damp Rock, inadumu zamu 8. Pelipper wa kijana huyu amebeba Leftovers, makombo ya kumrudishia sehemu moja ya kumi na sita ya uhai kila zamu. Wenzake wana kipaji cha Swift Swim, kinachoongeza kasi yao maradufu mvua ikinyesha, na timu yote imesimama juu ya kasi hiyo. Wanatoka, wanapiga mara mbili tatu, mvua inakatika, wanageuka chakula. Kumbadilishia kitu kimoja cha kubeba kungempa zamu 3 zaidi kila mara. Katika ukurasa wako mzima hilo halimo. Umewafukuza watano, ukamwacha mwenye kasoro, tena hujamgusa.

Hili nalisema kwa ukali kwa sababu wakaguzi wa aina yako ni wengi na wana nia njema. Mnasoma orodha ya majina, mnaona jina msilolipenda, kalamu inaanza kukimbia. Katika Smogon, jumuiya ya wachezaji iliyoanza mwaka 2004, mleta timu anatarajiwa aeleze kila mmoja wa sita ana kazi gani. Desturi hiyo haipo kwa ajili ya kumchosha mleta timu. Ipo ili mkaguzi ajue anakagua nini. Timu ya mvua isiyonyesha vya kutosha ina ugonjwa mmoja, na timu ya mvua ambayo mwenyewe hakutaka iwe ya mvua ina ugonjwa mwingine kabisa. Muulize kwanza anatarajia kushinda vipi, na ni Pokémon gani humshinda mara kwa mara. Majibu yake mawili yatakupunguzia robo tatu ya ukurasa.

Na ukiisha kumshauri mabadiliko mawili, nyamaza. Mwache acheze. Akibadilishiwa watano kwa mpigo halafu akaanza kushinda, hatajua kilichomponya. Akishindwa, hatajua kilichomuua. Zaidi ya hapo, kila anayetolewa huacha pengo alilokuwa akiliziba, na mpangaji wa mapengo hayo ni mwenye timu, si wewe.

*Shangazi, sina tatizo la timu, nina tatizo la bahati. Focus Blast yangu hukosa kila mechi muhimu. Nikilalamika naambiwa nibadilishe timu. Kwani bahati inabadilishwa kwa timu?*
Nimerogwa, Tanga

Inabadilishwa, tena bila mganga. Focus Blast hupata mara 70 katika 100. Ukiihitaji ipate mara mbili mfululizo, ni 49 katika 100, yaani umeingia uwanjani ukiwa upande wa kushindwa. Hydro Pump hupata mara 80, lakini mpango unaoitaka ipate mara tatu mfululizo unafaulu mara 51 tu, sawa na kurusha shilingi. Anayekuambia ubadilishe timu anakuambia hivyo, ila hajui kukokotoa mbele yako. Aura Sphere kwa kawaida haikosi, lakini nguvu yake ni 80 dhidi ya 120 za Focus Blast, na si kila Pokémon anaijua. Chagua utakacholipa.

Halafu acha kuleta masimulizi, leta rekodi. Kwenye Pokémon Showdown, uwanja wa mapambano mtandaoni, pambano linaweza kuhifadhiwa lote na mtu mwingine anaweza kulitazama. Masimulizi yako huanza pale mbinu ilipokosa. Rekodi huanza zamu ya kwanza, na mara nyingi huko ndiko ulikomleta mtu asiyefaa, au ulikomwachia mpinzani ajijenge huku ukifikiria jambo jingine. Ila nikutendee haki: zipo siku bahati ndiyo iliyokuua kweli. Pigo la hatari hutokea mara 1 kati ya 24, na likikupata ukiwa umecheza vizuri, mkosoaji mwaminifu anapaswa kukuambia waziwazi, "Hapa hukukosea, usibadilishe kitu." Wengi hawalisemi hilo kwa sababu halionyeshi ujuzi wao.

*Shangazi, kila nikionyesha timu yangu naambiwa Pachirisu hafai. Nawajibu kwamba Sejun Park alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2014 akiwa na Pachirisu huyu huyu mwenye Follow Me. Wananyamaza. Hoja nashinda, mechi nashindwa. Kulikoni?*
Shabiki wa Kindi, Nakuru

Habari zako za Park ni za kweli. Alikuwa Mkorea Kusini, ilikuwa Washington, na yule kindi mdogo wa umeme alikuwa mbele ya macho ya dunia. Jumla ya takwimu za msingi za Pachirisu ni 405, za Garchomp ni 600. Ukisoma hizo tu, utadhani Park alikuwa akitania.

Lakini mashindano rasmi ni ya wawili kwa wawili: unakuja na sita, unachagua wanne, wawili wanasimama pamoja uwanjani. Hapo Follow Me ni kazi ya heshima. Inavuta mashambulizi ya wapinzani yamwelekee Pachirisu, na mwenzake anapumua. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Gyarados, ambaye kabla ya kugeuka Mega umeme humuumiza mara nne. Pachirisu alikuwa na kipaji cha Volt Absorb, kwa hiyo umeme ukivutwa kwake unamponya badala ya kumjeruhi. Udhaifu wake wa kupiga nao haukumsumbua, kwa sababu Super Fang hukata nusu ya uhai alionao adui hata mpigaji awe mnyonge vipi. Park hakumchukua kindi kwa huruma. Alikuwa na nafasi ya kazi, akamtafuta anayeijua.

Sasa tuje kwako. Kwenye barua umesema unacheza mmoja kwa mmoja. Hapo Follow Me yako haina wa kumkinga, maana Pachirisu ndiye pekee aliyepo.

Waliokukosoa walinyamaza kwa sababu hawakuijua hadithi yote, nawe pia hukuijua. Wakirudi, usiwatajie bingwa. Waambie kindi wako anafanya kazi gani ambayo mwingine haiwezi. Ukikosa la kusema, basi wamekusaidia.

*Shangazi, shoga yangu ameniomba nimkosolee timu. Wanne kati ya sita wanaogopa Ardhi. Nikimwambia tutakosana.*
Mwoga wa Ukweli, Zanzibar

Usimwambie, mwulize. "Garchomp akija na Earthquake, unamleta nani?" Kisha kaa kimya, unywe chai yako. Atawapitia mmoja mmoja, atafika mwisho wa orodha, na kasoro ataiona kwa macho yake. Ukifika wakati wa kutaja hatari fulani, fungua kikokotoo cha mapigo kwanza (si kile cha mafao ya wastaafu, hicho kina ugomvi wake). Pigo lile lile huweza kutoka na vipimo 16, kuanzia asilimia 85 ya nguvu yake hadi 100. Anayesema "hii inakuua" wakati inaua kwa kipimo kimoja tu kati ya hivyo 16 anamtisha mwenzake bure, na shoga yako atamtoa Pokémon mzima kwa woga wa jambo linalotokea mara chache.

*Shangazi, nilimsahihisha binti mmoja kwamba Chuma inahimili Giza na Mzimu. Akanicheka mbele za watu. Mimi nilianza gemu hizi kabla hajazaliwa!*
Mkongwe, Bujumbura

Ulikuwa sahihi hadi mwaka 2013. X na Y zilipotoka, Chuma ilinyang'anywa kinga hizo mbili, na mwaka huo huo ikaingia aina ya Fairy, aina zote zikawa 18. Kama binti anacheza toleo la zamani, akuombe radhi. Kama anacheza la sasa, uliyemsahihisha alikuwa sawa, na kuanza zamani ndiko kulikokuponza. Kabla ya kufungua mdomo, uliza: "Unacheza toleo lipi?" Kucheka mbele za watu sikupendi, nitamwambia akiniandikia. Hajaniandikia.

*Shangazi, hii hapa timu yangu: Dragonite, Gholdengo, Kingambit, Great Tusk, Toxapex. Nimeipitia tena na tena na rafiki zangu wote wameipitisha. Haina kasoro. Naomba ukweli mtupu, nimejiandaa kwa lolote.*
Niko Tayari, Dodoma

Mwanangu, ni watano.