Jinsi ya Kumwonyesha Rumpole Kisenyi Bila Kurushiwa Chupa

Kwanza jiulize kama umekusudia kweli. Vibanda vya video vya Kisenyi, Kampala, pale bondeni chini ya Mengo, vimelelewa na Schwarzenegger na Jet Li. Wewe unataka kuingia na flashi yenye mzee mnene, wigi limechakaa, majivu ya sigara kwenye kizibao, anayeongea karibu saa nzima bila kumpiga mtu hata kofi. Hakuna gari linalolipuka. Hakuna helikopta. Kinachopasuka ni hoja ya upande wa mashtaka, tena mwishoni.

Mzee mwenyewe ni Horace Rumpole, wakili wa utetezi aliyebuniwa na John Mortimer, ambaye naye alikuwa wakili. BBC ilimwonyesha mwaka 1975, kisha Thames Television ikamchukua kuanzia 1978 hadi 1992, akiigizwa na Leo McKern. Haya usiyaseme kwenye maikrofoni. Hakuna aliyelipa kiingilio Kisenyi ili asikie miaka.

Kama hujawahi kuwa VJ, yaani msemaji anayeitafsiri filamu papo hapo, wasikilize waliotangulia: VJ Jingo, VJ Junior. (Msomaji wa Dar ana Lufufu wake, wa Nairobi ana DJ Afro, kwa hiyo tunaelewana.) Filamu iliyosemewa hivi Waganda huiita enjogerere, na kanuni yake ni moja: husemi alichosema mwigizaji, unasema alichopaswa kusema. Sauti ya filamu unaishusha, yako unaipandisha, bunduki zikilia unapumzika. Kwa Rumpole bunduki hazilii. Beba maji.

Jina likate liwe Rampo. Mkewe, Hilda, mumewe humwita kwa siri Yule Ambaye Lazima Atiiwe, jina aliloliazima kwenye riwaya ya Rider Haggard. Wewe sema tu "Nnyabo", yaani Bibi, kwa sauti ya mtu aliyesikia geti likifunguka usiku. Kila mwanamume kwenye benchi atageuka kutazama mlango.

Mvinyo wake wa bei rahisi una utata. Ukiugeuza waragi, ukumbi utapiga makofi. Lakini huu ni Kisenyi, nusu ya waliokaa mbele huenda ni Wasomali waliotoka kuswali, basi siku hiyo mzee anywe chai ya maziwa. Alewe nayo vilevile. Kuhusu mashairi ya Wordsworth anayoyakariri kila akizidiwa, waambie anasoma dua.

Jaji Bullingham hahitaji tafsiri. Anamkatiza wakili wa utetezi, anawachekea wa mashtaka, anaangalia saa ya chakula. Nyamaza kabisa, kunywa maji yako. Kila mtu atamtambua, na kila mmoja kwa jina tofauti.

Mawakili wa London huitana "rafiki yangu msomi", na maana yake ni mjinga. Luganda ina namna ya kumheshimu mtu mpaka akatamani kulia. Tumia hiyo.

Kwenye baraza la wazee la mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, nenda taratibu. Mahakama ya Old Bailey ina raia kumi na wawili waliookotwa mtaani, pungufu ya wawili tu teksi ya Kampala ijae, na wakisema mtu hana hatia, jaji hana la kufanya. Hapa watacheka, waache wacheke. Uganda, Mahakama Kuu imezoea wazee wa baraza wanaotoa maoni, jaji akayaandika kwa heshima zote, kisha akaamua anavyoona yeye.

Sasa mahali tafsiri inapogoma. Wateja wa kudumu wa Rampo ni ukoo wa Timson, wezi wadogowadogo wa kusini mwa London, watu wa kuvunja nyumba na kubeba mali, si wa kuua. Ukianza tu, mtu wa nyuma atauliza: mwizi wa televisheni amempata wapi wakili? Usimjibu kwamba Serikali ya Uingereza ndiyo inayolipa. Atakuona mwongo, na chupa ya kwanza ni yako. Katiba ya Uganda, ibara ya 28, inaibebesha Serikali gharama za wakili kwa mtu aliyeshtakiwa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Wizi mtupu haufiki huko. Unyang'anyi wa kutumia silaha unafika. Kwa maneno mengine, mwizi wa simu anayetaka wakili wa bure alikosea alipoacha panga nyumbani. Kijana mpole aliyechomoa simu bila kumgusa mtu atajitetea mwenyewe, au asubiri bahati ya mashirika ya msaada wa kisheria.

Dawa ninayoijua ni moja: mfanye Rampo kuwa kojja wao, mjomba kwa upande wa mama. Ukumbi utatulia palepale. Mjomba kumtetea mpwa mwizi bila malipo, huku akinung'unika, hilo halihitaji maelezo.

Ila kojja huyu ana ugonjwa: hamruhusu mteja akiri kosa. Na wataalamu wa sheria walioketi mbele yako, ambao baadhi yao wameshapanda kizimbani kwenye mahakama ya Buganda Road, watampigia kelele Timson: "Kiri, mjinga wewe, urudi nyumbani!" Wanajua hesabu. Anayekiri anaweza kupewa kufagia barabara wiki kadhaa, akalala kwake. Anayekana, kama hana mdhamini, anarudishwa gereza la Luzira kungoja tarehe, kisha tarehe nyingine. Ukijaribu kuwaeleza kwamba mtu anaweza kukana kwa sababu hakufanya, utasikia kimya ambacho hata Bullingham hajawahi kukisababisha.

Utashawishika kuonyesha sehemu ya mwaka 1983 inayompeleka Afrika, nchi ya kubuni iitwayo Neranga, kumtetea mwanasiasa anayeshtakiwa kwa mauaji. Usithubutu. Dakika ya tatu wataanza kubishana Neranga ni nchi gani, dakika ya nne mtu ataitaja, na hujui aliyekaa nyuma kabisa na miwani usiku ni nani. Sehemu hiyo imebeba jina la ule uzi wa dhahabu wa hukumu ya Woolmington ya 1935: mashtaka ndiyo yathibitishe, si mshtakiwa. Kisenyi uzi huo waliushika kwa upande wa pili, kila msako wa wazururaji ulipopita na wewe ukatakiwa kuthibitisha kwamba ulikuwa unakwenda mahali. Mahakama ya Katiba ilifuta vipande vya sheria hiyo ya uzururaji Desemba 2022. Kama ukumbi ni wa watu wazima, litaje hilo, watapenda.

Timson akiachiwa, pandisha muziki haraka, na Commando ya Schwarzenegger iwe tayari kwenye flashi ileile. Wengi watatoka wakikudai nusu ya kiingilio. Mmoja atabaki mlangoni akuulize kwa sauti ya chini kama yule kojja ana namba ya simu. Mwambie ukweli, kwamba aliyemwigiza alifariki mwaka 2002. Ataondoka akiamini unambania.