Shule Nimemaliza, Hela Bado

Mama, Mjomba na wote wa Chumbageni,

Wadogo zangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Jana nimekataliwa na mashine mbele za watu.

Huku Ujerumani ukinunua maji ya chupa ya plastiki, unaacha na rehani ya senti 25 za euro. Kuzikomboa, unairudisha chupa dukani, ambako ukutani kuna tundu la duara. Unaiingiza, inalala chali, inazungushwa kama kuku wa kuchoma huku mashine ikiisoma lebo, kisha inamezwa au unarudishiwa usoni. Mimi nilikuwa na chupa 13 na mfuko mmoja mdogo. Ili zienee, usiku nilizikanyaga zote, kwa akili zangu za shahada ya uzamili ya misitu. Ya kwanza ikarudishwa. Nikaigeuza, ikarudishwa. Nikaifuta kwa shati. Nikaibembeleza mashine kwa Kijerumani, nikaitukana kwa Kidigo. Ikairudisha kwa adabu ileile. Nyuma yangu foleni imetulia kama iko msibani. Ndipo bibi mmoja akaninyang'anya chupa, akaitia mdomoni, akaipuliza mpaka ikavimba ikawa chupa tena. Ikamezwa! Tukagawana kazi, yeye saba, mimi sita. Hakucheka mtu. Pale nyumbani, dukani kwa Mangi, wangecheka hadi wakae chini, na ningepewa jina.

Nimetoka na stakabadhi ya euro 3 na senti 25, mapato yangu ya kwanza tangu nihitimu. Wajerumani walituachia maneno mawili, shule na hela. La kwanza nimelimaliza hapahapa kwao Göttingen. La pili wamelificha.

Mjomba umeuliza narudi au nabaki. Sheria ya huku inampa mgeni aliyehitimu hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na akiwa anatafuta anaruhusiwa kufanya yoyote, hata kuosha vyombo, ambako mimi nina kipaji. Yangu imebaki 14. Nimeshafanya usaili mmoja. Waliniuliza kwa Kijerumani nikajibu kwa Kijerumani, na nilipofika kwenye baiskeli yangu ndipo nikagundua tulikuwa tunazungumzia misitu miwili tofauti. Huko nyumbani nako, tangazo la kazi nililoliona linataka uzoefu wa miaka 5. Nikijumlisha na kuokota kuni kule Amani kwa bibi, ninayo saba. Sijui watataka na barua ya bibi. Mjomba, yule mtu wako unayemjua, bado anajulikana?

Msinione nalalamika. Mji huu ni wa baiskeli kama Tanga, miguu yangu bado haijajua kama tumehama. Basi likiandikwa saa 2:07 linakuja saa 2:07, na likichelewa dakika sita watu hutazamana kama nchi imepinduliwa. Mimi, mtoto wa kungoja gari lijae, juzi nimejikuta nami natazama saa na kusonya. Nikaogopa. Jumapili ndiyo ngumu. Maduka yamefungwa, na hata kutupa chupa ya kioo kwenye pipa lake ni kosa, eti kelele. Jumapili iliyopita kimya kilizidi mpaka nikaikumbuka taarabu ya jirani yetu, ile niliyokwenda kumshtaki kwa mjumbe wakati nasomea mtihani. Mwambieni aongeze sauti. Mkipika kisamvu cha nazi msinitumie picha.

Jambo la mwisho. Siku naondoka nilichukua soda kwa Mangi, nikamwambia chupa nairudisha baada ya dakika tano. Hakuniandika popote, alisema tu, "Haya, mtoto wa Mama." Chupa iko uvunguni mwa kitanda changu, imesimama, haijakanyagwa. Mama, kama bado anaidai, usimpelekee. Mwambie dakika tano hazijaisha.

Wenu, mhitimu.