Kinyaa Kikinyesha

Mstaarabu akichukizwa husema "karaha", neno la Kiarabu lililokwisha kuoga na kujipaka manukato. "Kinyaa" halijaoga. Mzizi wake ni -nya, kwenda haja kubwa, na "kinyesi" ni ndugu yake wa tumbo moja. Mkitaka kucheka, "nyesha" nalo ni la ukoo huohuo: wazee walisema mvua inanya, bila aibu, hadi sisi wasomi tukalirefusha neno ili mbingu zisifikiriwe vibaya.

Watu wa mtaa wa Mabatini hawana habari na usomi huo. Hapa Mwanza nyumba zimepanda mlima juu ya mawe, na gari la kunyonya maji taka halipandi. Basi wingu likitanda, mwenye shimo lililojaa hutoboa choo (wenyewe huita kutapisha), mvua ikabeba mzigo hadi Mto Mirongo, nao haukawii kuufikisha Ziwa Victoria. Ziwa ndilo tunalochota. Mbingu zinanyesha, mlima unanya. Mwalimu wa sarufi angefurahi.

Jirani wa bondeni akipiga kelele kwamba ni kinyaa, wa juu humjibu kwa adabu zote: "Shikamoo mama, hiyo ni mvua tu."