Fortnight Ni Siku Ngapi, Jamani?

Mwingereza hapendi raha ya mtu. Mmarekani akitaka kusema wiki mbili, anasema wiki mbili, basi, maisha yanaendelea. Mwingereza anakwambia fortnight. Sasa mwenye nyumba wangu, ambaye umeme wa Luku tunagombana naye kwa Kiswahili kila siku, ikija kodi anahamia Kiingereza. Notisi kaibandika mlangoni kwangu. Kwa gundi! Wapangaji wote wanaisoma wakipita kwenda chooni na ndoo zao. Eti nilipe ndani ya fortnight.

Mimi nikapiga hesabu. Fort si arobaini? Naiti si usiku? Usiku arobaini. Mtu ana haraka gani hapo? Nikalala.

Mtoto wa jirani, yuko darasa la nne, akaisoma akacheka mpaka akakaa chini. "Anko, hili gemu, ila wamekosea spelingi." Kweli gemu lipo, Fortnite, limetoka 2017, watu wanatwangana risasi. Nikaanza kumwogopa mwenye nyumba.

Ikabidi niende kijiweni kwa mwalimu mstaafu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umeleta hela ya kahawa ya juzi?"

Mbele za watu! Nikajikausha, nikauliza neno langu. Akasema limetoka Kiingereza cha kale, feowertyne niht, usiku kumi na nne. Kumi na nne! Zile nyingine nani kazila? Zamani Waingereza walihesabu usiku, si mchana. Tacitus, Mroma, aliwaandika jamaa zao Wajerumani hivyohivyo, miaka kama 1,900 iliyopita. Nikataka kumcheka Mroma, mwalimu akanikata: na wewe husemi usiku wa kuamkia Ijumaa? Tarawehe ya kwanza si huswaliwa kabla hujafunga hata siku moja? Nikanyamaza. Kijiwe kizima kinaniangalia mimi na kikombe changu cha mkopo.

Kumbe hata wiki walikuwa nayo, sennight, usiku saba. Jane Austen bado aliitumia kwenye riwaya yake ya 1813, baadaye ikafa. Ikafa hiyo isiyonidai! Wawelisi ndio waungwana: wiki mbili kwao ni pythefnos, usiku kumi na tano. Nikauliza kama notisi yangu inaweza kusomwa kwa Kiwelisi, nipate japo usiku mmoja wa nyongeza. Mwalimu akaagiza kashata, yake peke yake.

Kinachoniuma ni Australia. Kule watu kibao hulipwa mshahara kila fortnight. Neno lilelile, wenzangu linawaingizia hela, mimi linanitolea godoro nje.

Sasa wewe unayesoma hapa, kama una chumba, hata cha uani, na kodi unadai kwa Kiswahili, nitafute. Choo cha kuchangia hakinisumbui.