Jinsi ya Kumuuzia Maji Mtu Mwenye Bomba Uani

Kuuza maji jangwani si ujuzi. Ujuzi ni kumuuzia mtu mwenye bomba uani na madumu matatu yaliyojaa jikoni, tena kwa bei ambayo hata risiti huionea aibu. Biashara hii haidai shahada. Inadai shati jeupe, ukumbi wa kukodi na maneno machache ya kisayansi, na sharti lake ni moja: maneno hayo yawe ya kweli. Wauzaji wengi huanguka kwa kutunga uongo, na uongo hukamatika. Neno la kweli lililohamishwa kazi yake halikamatwi na mtu.

Anza na pH. Kipimo hiki alikibuni Søren Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, na Carlsberg ni kiwanda cha bia. Hilo la bia usiliguse, hasa kama ukumbi ni wa kanisa. Wewe sema: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali, magonjwa yanapenda asidi, na maji yetu ni 9.5. Mwanzo wa sentensi hiyo hauna kasoro, na ndio utakaoubeba mwisho wake mgongoni.

Omba tu asiwemo nesi. Nesi anajua kuwa pH ya damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, kuwa mapafu na figo ndio walinzi wake usiku na mchana, na kuwa ikitoka hapo mtu hulazwa wodini, hauziwi chupa. Anajua pia kuwa tumbo lina asidi kali ya kwake, ambayo haitasubiri maji yako yajieleze. Akinyoosha mkono mwambie, "Dada, swali zuri sana, tutalijibu kwenye kipindi cha maswali." Kipindi cha maswali kisiwepo.

Mtu wa Longido naye mkwepe. Huyo atauliza: kama alkali ni afya, mbona Ziwa Natron, ambalo pH yake hupita 10, halina wagonjwa ufukweni? Maji yale yanachoma ngozi. Wanaoyamudu ni heroe, na wao wana miguu ya kazi hiyo. Tena bibi yake ametia magadi kwenye makande maisha yake yote bila kumwita mtu kwenye semina.

Sasa onyesho, na hapa usibane matumizi. Nunua kile kifaa chenye vijiti vya chuma na vya alumini. Jaza glasi mbili, moja maji ya bomba ya mwenye nyumba, nyingine maji safi, kisha washa umeme. Baada ya dakika chache maji ya bomba yanatokota mapovu, yanageuka kijani, kisha kahawia, na juu yanaota utando ambao hakuna mama atakayependa mwanawe aunywe. Glasi ya pili imetulia, nyeupe. Usiseme kitu. Acha wagune.

Kinachotokea ni hiki. Umeme unakipasua kile kijiti cha chuma na kukimwaga majini kikiwa kutu. Uchafu wote wanaouona umetoka kwenye kifaa chako. Maji ya bomba yana chumvi na madini yaliyoyeyuka, ndiyo maana yanapitisha umeme. Yasiyo na madini karibu hayapitishi kabisa, kwa hiyo kijiti kinabaki kizima. Ndiyo sababu katika ile glasi ya pili usithubutu kuweka maji unayouza. Hayo ya alkali yana madini, yatageuka tope vilevile mbele ya wateja. Weka maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Na mwanafunzi wa kidato cha nne asiruhusiwe kukaa mstari wa mbele: akidondosha chumvi ya mezani kwenye glasi yako safi, siku imekwisha.

Wenye pesa wauzie maji ya hidrojeni. Mjuaji atasema maji yote yana hidrojeni. Mjibu bila kupepesa: ile imefungwa kwa oksijeni, yetu ni huru. Ni kweli tupu. Usiongeze kuwa lita moja ya maji katika joto la kawaida hupokea kama miligramu 1.6 tu ya gesi hiyo, na kuwa molekuli zake ni ndogo kiasi cha kupenya hata kuta za chupa ya plastiki. Mwambie anywe haraka. Asipohisi nafuu, alichelewa.

Akidai utafiti, upo. Mwaka 2007 wanasayansi wa Japani walichapisha katika jarida la Nature Medicine kwamba gesi ya hidrojeni ilipunguza madhara kwenye ubongo wa panya waliokatiwa damu kisha wakarudishiwa. Ni kazi ya heshima. Wajibu wako ni kumtoa panya kwenye sentensi, na ile gesi waliyoivuta uigeuze kinywaji.

Semina isifanyike baada ya wali maharage. Bakteria wa utumbo mpana hutengeneza hidrojeni hiyo hiyo bure, kiasi kwamba hospitali huipima kwenye pumzi ya mgonjwa ili kujua kama anashindwa kumeng'enya sukari ya maziwa. Ukumbi mzima utakuwa kiwanda. (Hidrojeni haina harufu, mtakayoisikia ni ya salfa.)

Maji ya mshindani yashambulie kwa kemia. Mwaka 1997 mwanafunzi wa miaka 14 huko Idaho, Marekani, aliwaeleza wenzake 50 hatari za daihidrojeni monoksidi: mvuke wake unaunguza, ikiingia mapafuni inaua, imo kwenye mvua ya asidi. Watu 43 walitaka ipigwe marufuku. Ilikuwa maji. Kuhusu maji ya pembesita, yale yanayodaiwa kuwa molekuli zake zimejipanga kwa pembe sita, litaje jina upite upesi, kwani vifungo vya hidrojeni kati ya molekuli za maji huvunjika na kuungana upya kabla hata sehemu ya bilioni ya sekunde haijaisha.

Umebaki ushuhuda. Akija mwenye kisukari au presha, usimwachishe dawa kamwe. Msisitizie anywe vidonge vya hospitali kwa saa zake, apunguze chumvi, aache soda, atembee kila jioni, na juu ya hayo yote anywe chupa mbili za maji yako kwa siku. Baada ya miezi mitatu vipimo vitakuwa vimeshuka. Mpe maikrofoni.