Sifa za Kompyuta Iliyogoma Kuwaka

Asifuye mvua imemnyea. Kwa hiyo msomaji asishangae kuambiwa kwamba anayeandika sifa hizi ana macho mekundu. Saa nane ya usiku ilimkuta ameinamia laptopu ambayo jioni yake ilikuwa nzima. Ikapigwa Windows mpya, ikajizima kama ilivyoagizwa, na iliporudi ilirudi na kioo cheusi, na kimstari kimoja cheupe kikikonyeza kwenye kona ya juu kushoto. Basi.

Kimstari hicho ndicho kinachosifiwa hapa.

Wapo wanaokiona kama tusi, na wanakionea. Friji ikichoka huozesha nyama kimyakimya. Pasi huunguza shati la harusi bila kumwuliza mtu. Kompyuta iliyogoma kuwaka haimdhuru yeyote; husimama mlangoni ikangoja kuulizwa imekwama wapi. Na katika ukoo wake wamo waliojaliwa ufasaha hasa.

Miaka ya 1990 mashine nyingi za Linux ziliamshwa na programu iliyoitwa LILO, kazi ya Werner Almesberger. LILO ilikuwa na desturi ya kuandika jina lake kwenye kioo herufi moja moja, kila herufi ikiwa stakabadhi ya hatua iliyokamilika. L ya kwanza: kipande cha kwanza cha programu kimepakiwa. I: kipande cha pili kimeletwa, karibu kitaitwa. L ya pili: kipande hicho kimeshika kazi. O: kila kitu tayari. Ikikwama, jina lilikatika papo hapo. Fundi aliyekuta LI peke yake alijua kwamba kipande cha pili kimefika lakini hakikuendesheka, na mara nyingi sababu ilikuwa vipimo vya diski vilivyoandikwa kutolingana na diski yenyewe. Ni marehemu gani mwingine anayetaja nusu ya jina lake, na nusu hiyo ikatosha kuwa cheti cha kifo?

Ubahili huo wa maneno una sababu. Kwenye diski zilizogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, sekta ya kwanza ina baiti 512. Toa 64 za jedwali la vigawanyo, toa 2 za muhuri wa mwisho, zinabaki 446. Hiyo ni nafasi ya meseji tatu za simu hivi, na humo ndimo yanamotakiwa kukaa maagizo ya mwanzo ya kuiamsha mashine nzima. Anayelalamika kwamba kioo hakikumweleza vya kutosha, naye ajaribu kueleza msiba wake kwa meseji tatu.

Si kila ndugu wa ukoo huu ana busara hiyo, ni kweli. Kompyuta za zamani zilipokosa kibodi ziliandika kwamba kibodi haionekani, kisha zikamtaka mtu abonyeze F1 ili kuendelea.

Mgomo wa pili huja baada ya mashine kukubali kuwaka, na huu ni wa draiva. Waswahili wamefanya jambo la werevu kumwita mtu wa daladala dereva na programu inayoendesha kifaa cha kompyuta draiva, wakatofautisha matamshi tu, kwa kuwa kazi ni ile ile. Laptopu iliyopigwa Windows bila draiva ni daladala iliyojaa abiria, injini inanguruma, konda ananing'inia mlangoni, na usukani hauna mtu. Kadi ya Wi-Fi ipo. Spika zipo. Picha kwenye kioo zimevutwa zikapanuka kama chapati. Ukifungua orodha ya vifaa unakutana na alama ya mshangao ya njano, na pembeni yake maneno yasiyo na huruma: kifaa kisichojulikana.

Hapo mgomo unageuka darasa. Mtu aliyetumia kompyuta miaka sita bila kujua tumboni mwake mna nini, usiku mmoja hujikuta akisoma namba za utambulisho wa vifaa kama karani wa bandari asomavyo namba za makontena. VEN_10EC ni Realtek. VEN_14E4 ni Broadcom. VEN_10DE ni Nvidia. VEN_8086 ni Intel, na akifika hapo hucheka peke yake, maana 8086 ndilo jina la prosesa ambayo kampuni hiyo iliitoa mwaka 1978. Shule gani ya jioni ingemfundisha hayo kwa usiku mmoja, tena bila ada?

Halafu kuna fumbo lenyewe. Draiva ya Wi-Fi inapatikana kwenye intaneti. Intaneti inapatikana kwa draiva ya Wi-Fi. Wasomi wamebishana kuhusu kuku na yai tangu zamani bila kufika popote. Mafundi wa mtaani hawakuwangoja. Huchomeka simu ya Android kwa waya wa USB, wakaruhusu intaneti ipite kwenye waya, na Windows, ambayo mara nyingi huwa tayari na draiva ya njia hiyo, hunywa bando la mteja mpaka ishibe.

Enzi za Windows XP mambo yalikuwa na taadhima zaidi. Diski za SATA zilipoanza kuenea, kwenye mashine nyingi programu ya kusakinisha haikuziona kabisa. Dawa ilikuwa kuwahi kubonyeza F6 na kuipa draiva kwa flopi. Si kwa flashi, si kwa CD, kwa flopi. Mwenye kompyuta mpya isiyo na mlango wa flopi alikwenda kumwazimia mjukuu meno ya babu. Mila hiyo haijafa. Laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 humwambia msakinishaji kwamba hakuna diski yoyote humu ndani, ilhali imo na ni nzima, mpaka aipatie draiva ya Intel RST kutoka kwenye flashi.

Wakubwa nao wamepitia mikononi mwa mgomo huu, na hakuna aliyetoka mikono mitupu. Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX jijini Chicago, Bill Gates alisimama jukwaani wakati msaidizi wake, Chris Capossela, akionyesha jinsi Windows 98 itakavyokitambua kifaa kipya mara tu kinapochomekwa. Capossela akachomeka skana. Kioo kikageuka bluu mbele ya umati. Watu wakacheka na kupiga makofi, na Gates akatania kwamba labda ndiyo sababu programu hiyo haijaanza kuuzwa. Iliuzwa miezi miwili baadaye. Capossela hakufukuzwa, alikuja kuwa mkuu wa masoko wa Microsoft. Maelfu ya maonyesho yaliyokwenda sawa mwaka ule, nani anayakumbuka?

Lakini tunda nono kuliko yote lilitoka kwenye printa. Maabara ya akili bandia ya MIT ilikuwa na printa ambayo Richard Stallman aliirekebishia programu yake, ili karatasi ikikwama watu wapelekewe taarifa kwenye kompyuta zao badala ya kupanda ghorofa bure. Ikaletwa printa mpya ya leza ya Xerox, ya kasi na ya kuvutia, nayo ikawa inakwama vilevile. Stallman alipotaka kuitendea wema ule ule hakuweza, kwa kuwa msimbo wa programu yake ulifichwa. Akamwendea mtu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao. Akakataliwa, kwa sababu mwenzake alikwisha kutia saini ya kutunza siri. Kinyongo hicho hakikupoa. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, na zana zake zikaja kukutana na Linux ya Linus Torvalds baada ya mwaka 1991. Karatasi ingepita vizuri siku zile, pengine mpaka leo tungekuwa tunaomba ruhusa.

Na kama kuna anayedhani mgomo huu umezeeka, akumbuke tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili moja yenye kasoro, ikasomwa na draiva yake iliyomo ndani kabisa mwa Windows, na mashine milioni 8.5 hivi zikaanguka, kwa hesabu ya Microsoft. Nyingi zikaingia kwenye mzunguko wa kuwaka na kuzimika. Viwanja vya ndege vikaandika ratiba kwa mkono. Mafundi wa kompyuta waliosahauliwa kwenye vyumba visivyo na dirisha wakaanza kuitwa kwa majina yao kamili, tena kwa sauti ya upole, maana mashine nyingi zilihitaji mtu wa kwenda kuzifikia, kuziwasha katika hali salama na kuifuta faili ile. Kwa baadhi ya kompyuta zilizokuwa kwenye huduma yake ya Azure, Microsoft ilishauri zizimwe na kuwashwa tena, hata mara 15. Ushauri wa kila fundi wa Kariakoo, zima halafu washa, ukapata muhuri wa kampuni ya Marekani.

Huko Kariakoo, kama ilivyo Luthuli Avenue jijini Nairobi, ndiko mgomo unakoheshimiwa ipasavyo, kwa kuwa unalipa kodi ya pango. Laptopu za mtumba huingia na betri ndogo ya CR2032 iliyokufa, BIOS, yaani programu ya mwanzo inayoiamsha mashine, ikasahau tarehe na mpangilio wake wote, na mwenye mali akaapa kwamba amerogwa. Fundi haapi. Anauliza swali moja tu: kabla ya kugoma, ulifanya nini?

Asubuhi moja mteja mwenye macho mekundu aliwasili huko, laptopu kwapani.

"Shikamoo mzee. Imekuwaje?"

"Marahaba. Imekufa. Nimepiga Windows jana, inaonyesha kimstari tu."

Fundi aliigeuza laptopu ubavu, akachomoa flashi ndogo nyeusi, akawasha. Windows ikafunguka. BIOS ilikuwa imeagizwa jana yake ianze na USB, akaeleza, na usiku kucha imekuwa ikijitahidi kuwaka kutoka kwenye flashi ya nyimbo za taarabu.

Mteja aliitazama flashi, akaitazama laptopu, akaingiza mkono mfukoni alipe yaishe. Fundi alikuwa bado ameinamia kioo, kidole kikiwa juu ya alama ya njano.

"Na hii Wi-Fi, mzee, tuiache hivi hivi?"