Kompyuta Imetii, Picha Iko Palepale

Haja yenyewe ilikuwa ndogo mno. Nilitaka mandhari ya kompyuta yangu, ile picha inayokaa nyuma ya madirisha yote, iwe inajibadilisha yenyewe. Basi. Watu wa Windows wanalo jambo hilo tangu Windows 7, mwaka 2009: unachagua folda, unachagua muda, unakwenda kunywa chai. Hata humu ndani ya ukoo wa Linux, wenzetu wa KDE wanalo. Mimi natumia Ubuntu yenye GNOME, na mafundi wa GNOME wana imani kwamba binadamu akizidishiwa vitufe ataharibika. Ukifungua mipangilio ya mandhari unaruhusiwa picha moja. Ukiichoka, rudi uchague nyingine kwa mkono wako mwenyewe.

Njia ipo, lakini imefichwa kisawasawa. GNOME hukubali faili la XML lenye ratiba ya picha. Humo unaeleza kwanza maonyesho yalianza mwaka gani, mwezi gani, tarehe ngapi, saa, dakika na sekunde. Kisha kila picha unaitaja mara tatu: inapokaa, inapoondoka, na inapopokea zamu. Muda wote ni kwa sekunde. Ubuntu wenyewe waliwahi kutoa faili la namna hiyo, picha ikikaa sekunde 1,795 na kufifia kwa sekunde 5, ili jumla itimie nusu saa. Mimi nina picha mamia. Nililitazama faili lile, nikalifunga kwa adabu.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mjuzi wa mambo haya, akanipa dawa. “Mzee, weka cron, mambo kwisha.”

Cron ni mtumishi wa siku nyingi, kazaliwa Bell Labs kule Marekani miaka ya 1970. Kazi yake ni kuamka kwa wakati uliopangwa na kutekeleza amri. Unamwandikia mstari wenye nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi, siku ya wiki. Ukiweka nyota, maana yake ni yoyote. (Usimwandikie saa za kwetu. Ukimwekea 1 ukitegemea saa moja asubuhi, ataamka saa saba usiku na kuifanya kazi yako gizani.) Nikatunga skripti fupi: find itafute picha, shuf ichokoe moja kwa bahati nasibu, gsettings iitundike. Nikaijaribu kwa mkono, picha ikabadilika. Nikamkabidhi cron, kila baada ya dakika kumi, nikakaa mbele ya kioo.

Dakika kumi zikapita, kisha kumi nyingine. Mama watoto akasimama mlangoni.

“Unaangalia nini?”

“Nasubiri picha ibadilike.”

Akaitazama ile picha, akanitazama mimi. “Luku ina yuniti nne,” akasema, akaenda zake.

Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Cron anaapa: ametekeleza, ametekeleza, ametekeleza. Na kweli katekeleza. Tatizo ni kwamba anafanyia kazi nje ya kikao cha skrini yangu, hivyo gsettings haikujua ibishe hodi kwa nani. Ililalamika pia. Desturi ya cron ni kukuletea malalamiko kama hayo kwa barua ya ndani ya kompyuta, lakini kwangu hakukuwa na programu ya kuibeba barua hiyo, kwa hiyo akaandika kwa kifupi kwamba posta hakuna, ujumbe umetupwa. Mtumishi gani huyu?

Dawa ilikuwa mstari mmoja ndani ya skripti wa kumwelekeza kwenye /run/user/1000/bus. Hiyo 1000 ni mimi. Kompyuta ina mtu mmoja tu, na mtu huyo ni namba elfu moja. Zilizo chini yake zimewekewa mfumo, sifuri akiwa root, mkubwa wao.

Picha haikubadilika.

Hapo ndipo nilipokutana na mambo ya GNOME 42, ya mwaka 2022. Tangu hapo mandhari ni mbili, ya mwanga na ya giza, kila moja na ufunguo wake: picture-uri na picture-uri-dark. Mimi hutumia giza, kwa ajili ya macho. Nikawasha mwanga kwa udadisi, na kumbe! Picha mpya kabisa. Kila dakika kumi alikuwa akiitundika nyingine kwenye chumba nisichoingia. Watu husema kompyuta ni kaidi. Si kweli. Haikatai kazi hata kidogo, ila inaifanya kwa bidii mahali ambapo wewe hupo.

Nikaongeza ufunguo wa pili, ikakubali, na kwa siku kadhaa nikawa nashusha madirisha ya kazi ili niione. Ikawa shwari mpaka kamati ya harusi ya mpwa wangu.

Mimi ndiye katibu. Kompyuta imeunganishwa na projekta kama kioo cha pili, kwa hiyo wakati natafuta bajeti kwenye kioo changu, ukutani kuna mandhari peke yake: ufukwe wa Pangani, watu wanausifia. Sasa, find ina tabia moja. Haiishii sebuleni, inaingia kila folda iliyo ndani ya folda, hata ile ambamo simu yangu humwaga picha za WhatsApp. Cron akaamka. Ufukwe ukaondoka, likaja daftari la mama watoto, orodha ya ahadi za michango, na pembeni ya kila jina maoni yake. “Atatoa.” “Apitiwe kwa mkewe.” Na kwa mjomba: “Maneno mengi, hela hakuna.”

Nikafungua madirisha ya kufunika. Yote yakafungukia kwenye kioo changu.

Mjomba akavaa miwani, akausogelea ukuta. “Huu mwandiko wa mkwe,” akasema. Akatoa simu, akabonyeza, simu ya mweka hazina ikalia. Walioandikiwa kama yeye nao wakatoa simu zao. Cron alipoamka tena, kitabu cha risiti kilikuwa kinaelekea kwisha.

Tukiwa tunatoka mweka hazina akanivuta pembeni. “Katibu, ile picha kikao kijacho itakuwepo?”

Nikamwambia siwezi kutoa ahadi, shuf huchagua kwa bahati nasibu.